Nani Alibuni Mguu wa Bata

4 Machi

Mkutubi wa maktaba ya mji amesema mtu anayefanya utafiti huandika kila siku: ametafuta nini, ametafuta wapi, amepata nini. Haya. Leo nimetafuta miwani. Nimeitafuta chumbani, uani na karakanani. Nimeipata kichwani. Utafiti umeanza vizuri.

Amesema pia daftari lieleweke hata na mtu asiyenijua, kwa hiyo wewe usiyenijua, shikamoo yako naipokea. Mimi ni fundi baiskeli. Nina miaka sabini na moja, meno kumi na tisa na mke mmoja. Shule niliiacha darasa la tano, au yenyewe iliniacha, tusibishane. Mtaa wetu una mafundi baiskeli saba, na wote saba tunatengeneza mguu wa bata.

Mguu wa bata ni stendi. Stendi ya kawaida ni kijiti cha chuma. Ukiegesha baiskeli yenye mzigo kwenye tope, kijiti kinazama na mayai yako yanalala chini pamoja na baiskeli. Mguu wa bata una kitako kipana chenye vidole vitatu, na ukianza kusukuma unajikunja wenyewe. Mvua inyeshe itakavyo, baiskeli imesimama wima kama askari kwenye gwaride. Niliubuni mimi.

Ijumaa iliyopita ikaja barua. Wakili wa kampuni kubwa ya vipuri anasema mguu wa bata ni wa kampuni, wameuombea hataza, yaani haki ya kuutengeneza peke yao, na sisi tuache kuutengeneza mara moja na kukabidhi yote tuliyo nayo. Wenzangu watano wameshaanza kuifungua miguu yao na kuificha. Mimi barua niliifutia grisi mikononi. Halafu nikajuta, maana mkutubi alitaka kuisoma.

6 Machi

Mvua tangu alfajiri. Maktaba imejaa watu waliokimbia mvua na wanajifanya wanasoma. Mkutubi ni mama wa makamo, ana sauti ndogo na macho makubwa.

"Nataka sheria," nikamwambia.

"Sheria ipi, babu?"

"Ile ya kuwanyoosha wezi."

"Wameiba nini?"

"Akili."

Hakucheka. Aliondoka, akarudi na kitabu kizito kama betri ya lori. Akanieleza kwamba mali ya akili ina vyumba vyake. Hakimiliki ni ya walioandika, waliochora, waliotunga nyimbo. Alama ya biashara ni ya jina na nembo. Hataza ni ya kitu kilichobuniwa, kinachofanya kazi.

"Basi nipe zote tatu," nikasema.

"Babu, hiki siyo kioski."

Nimesoma ukurasa mmoja kwa saa mbili. Kuna sentensi moja imeanza kabla sijapiga chafya na ilikuwa haijaisha nilipomaliza kujifuta.

7 Machi

Mvua. Pancha mbili.

11 Machi

Leo nilikwenda kwa msajili, ofisi inayotunza maombi ya hataza. Nilidhani watanifukuza, kumbe ombi likishatangazwa mtu yeyote anaruhusiwa kulisoma, hata mwenye grisi kucha zote kumi. Karani alinionyesha mahali panapoitwa madai. Ndipo wanapoandika hasa wanachosema ni chao. Nanukuu: "Kifaa cha kuegemezea chombo cha magurudumu mawili, chenye kitako kilichotanuliwa kwa ncha zisizopungua tatu, kinachorejea kwa nguvu ya mvutano." Nilisoma mara nne ndipo nikagundua ni bata.

"Ombi liliwasilishwa lini?" nikamwuliza karani. Swali hilo nilitumwa na mkutubi.

"Tarehe tisa Juni, miaka mitatu iliyopita. Bado hataza haijatolewa. Mwenye pingamizi alilete kabla ya tarehe thelathini Aprili."

"Na asipolileta mtu?"

"Watapewa, mzee. Na mtaacha kutengeneza."

Hivi hivi, kama anayeniambia choo kiko upande wa kushoto.

12 Machi

Nilimpelekea mkutubi habari. Akasema kuna maswali mawili, na nisiyachanganye. La kwanza: nani alibuni? La pili: je, kilikuwa kipya siku ya ombi? Kama mguu wa bata ulikwisha kuonekana hadharani na watu kabla ya tarehe tisa Juni ile, siyo kipya, na kampuni haiwezi kupewa hataza.

"Safi! Kwa hiyo natoa ushahidi, wananyimwa wao, napewa mimi."

"Hupewi, babu. Kama umeuza barabarani miaka yote hii, hata kwako siyo kipya."

"Unakuwa wa nani sasa?"

"Wa wote."

"Yaani nikishinda, sipati?"

"Ukishinda, unaendelea kufanya kazi yako. Wewe na wenzako."

Nilirudi nyumbani nimenuna. Sheria gani hii, ambayo ukimshika mwizi na kuku wako, kuku anakuwa wa kijiji?

15 Machi

Sikwenda maktaba. Niliegesha baiskeli yangu kwenye tope mbele ya duka la kampuni, nikapakia matofali arobaini juu ya kerieri, nikakaa kando na mwavuli. Mguu wa bata haukutikisika. Meneja alitoka mara mbili. Mlinzi alitoka mara ya tatu, akainama, akautazama vizuri.

"Mzee, nimetumwa nikuondoe."

"Niondoe."

Akatazama mlangoni, akashusha sauti. "Lakini kwanza niambie, hii unafunga kwa siku moja?"

Kesho analeta baiskeli yake.

19 Machi

Mkutubi: "Ulianza kuutengeneza lini, babu?"

Mimi: "Zamani."

Mkutubi: "Zamani siyo tarehe."

Nikamwambia miaka minne. Akauliza nani ataapa. Nikasema mtaa mzima. Akasema mtaa mzima hauingii kwenye hati ya kiapo, tutafute kitu chenye tarehe iliyopigwa chapa. Ameniletea magazeti ya mji, ya mwaka ule wa ombi la kampuni. Yamefungwa kwa kamba, mwezi kwa mwezi.

Niliporudi nyumbani mke wangu akaniuliza utafiti umefika wapi. Nikamweleza habari za tarehe. Alikuwa anakunja nguo. Akasema, "Miaka minne?" Basi. Hakuongeza neno, akaendelea kukunja. Mimi na huyu mwanamke tumeishi miaka arobaini na sita, namjua: akipiga kelele hana kitu, akinyamaza jihadhari.

Sijaeleza kwamba mke wangu ni dada yake Kidevu. Kidevu ni fundi wa saba, karakana yake inatazamana na yangu, na anaitwa hivyo kwa sababu kidevu chake hufika mahali kabla yake. Kwa hiyo ni shemeji yangu. Hatujasemezana miaka mitatu. Tukiwa na neno tunampa mke wangu alivushe barabara.

25 Machi

Magazeti ya Januari. Vumbi, chafya, mazishi ya watu niliodhani wako hai.

28 Machi

Februari na Machi. Hakuna bata.

2 Aprili

Nimepata!

Gazeti la tarehe ishirini na saba Aprili, mwaka ule ule, wiki sita kabla ya ombi la kampuni. Ukurasa wa tano kuna picha ya soko baada ya mafuriko. Meza zimeanguka, watu wamepandisha nguo magotini, na katikati ya tope, peke yake, imesimama baiskeli ya muuza maziwa, makopo mawili kwenye kerieri, imetulia. Na chini yake, wazi kabisa, vidole vitatu.

Nilipiga kelele maktabani. Watu wote waliokimbia mvua wakaamka. Mkutubi alikuja mbio akidhani nimeanguka.

"Ni huu?"

"Ndio wenyewe!"

"Na kwenye baiskeli hii uliufunga wewe?"

Nikasema ndiyo. Mdomo ulijibu kabla sijauuliza.

5 Aprili

Tulianza kuandika hati ya kiapo. Mkutubi alileta kioo cha kukuzia, akainamia picha.

"Babu, hiki cheusi hapa juu ni nini?"

"Kivuli."

Akatazama tena. "Kivuli kina fundo?"

Nikavua miwani, nikaifuta.

"Wewe ulisema unatumia springi. Hii inaonekana kama kamba ya mpira. Kwenye kiapo itabidi ueleze ilivyofanya kazi siku ile, siyo inavyofanya leo. Wakili wao ataishika hapo hapo."

Nikasema kichwa kinaniuma. Kweli kilianza kuniuma.

9 Aprili

Mvua kubwa. Sijafungua karakana. Nimekaa mezani tangu asubuhi na daftari hili, na nimelitazama mpaka likanitazama.

Mke wangu akapita. "Unaandika nini?"

"Utafiti."

"Umeshaandika ulikoutoa huo mguu?"

Akaendelea na fagio lake. Basi, naandika, na liwalo na liwe.

Ile kamba yenye fundo ni mpira wa tyubu kuukuu, umekatwa upana wa vidole viwili. Mtu mmoja tu mtaani hufunga fundo la namna ile. Mwaka ule Kidevu aliutengeneza mguu mmoja kwa ajili ya muuza maziwa, aliyechoka kumwaga maziwa. Hakumwambia mtu. Kidevu akifanya jambo zuri hunyamaza kama aliyekosea. Mwezi Julai akaugua, akalazwa wiki tano. Mke wangu alikuwa anashinda hospitali kumuuguza. Ndipo muuza maziwa alipopata pancha, na kwa kuwa karakana ya upande wa pili imefungwa, akaja kwangu.

Niliziba pancha kwa dakika kumi. Mguu niliupima kwa saa nzima. Nilimwambia muuza maziwa nakagua rimu.

Agosti nilikuwa na wa kwangu, nimeondoa mpira nimeweka springi. Nikaupa jina, nikausimamisha barabarani juu ya beseni la tope, nikapiga kelele. Mimi kupiga kelele najua. Kidevu alipotoka hospitali, amekonda, akafunga mguu wa pili wa maisha yake kwenye baiskeli ya mteja, na watu wakamwambia, "Aa, na wewe umeanza kumwiga shemeji yako!" Nilikuwepo. Nilisikia. Nilicheka nao.

Alivuka barabara siku ile, akasimama mbele yangu, akafungua mdomo, akafunga, akarudi. Hajavuka tena.

Kwa hiyo hali ni hii. Wangu ulianza Agosti, na ombi la kampuni ni la Juni. Ukisema mguu wa bata ni wangu, kampuni imeshinda, maana walinitangulia. Wa Kidevu peke yake ndio uliotangulia. Nimezunguka na kitabu kizito mwezi mzima nikitafuta wa kumwita mwizi, nimemkuta ana miwani yangu.

10 Aprili

Ningeweza kunyamaza. Nimelifikiria hilo, sitajifanya mtakatifu. Kampuni ipewe hataza, mimi nibaki mzee aliyeibiwa, watu wanihurumie. Lakini kuona lile bango la kampuni mbele ya duka lao limeandikwa "Ubunifu Wetu" chini ya mguu wa bata! Wao ubunifu wao uko wapi? Sijui kama waliuona kwenye gazeti au kwenye tope. Najua tu kwamba hakuna mtu wa kampuni ile aliyewahi kubeba maziwa kwenye mvua. Siwaachii. Hata kama nitaingia shimoni, naingia nao nimewashika koti.

16 Aprili

Nimevuka barabara. Hatua kumi na nne, nimehesabu.

Kidevu alikuwa ameinamia gurudumu. Hakuinua kichwa.

"Dada yako hajambo," nikasema.

"Nilimwona asubuhi."

"Mvua nyingi."

"Umevuka uniletee habari za mvua, shemeji?"

Nikamwekea nakala ya picha juu ya tandiko. Alifuta mikono kwanza kabla ya kuishika. Mimi ile barua niliifanyia kinyume. Akaitazama muda mrefu. Nikamweleza yote: tarehe, madai, pingamizi, kwamba anahitajika kuapa jinsi alivyoutengeneza, kwamba siku zimebaki kumi na nne.

"Kwa hiyo leo ni wangu," akasema.

"Leo ni wako."

"Miaka mitatu ulikuwa wako."

"Shemeji, nisamehe. Nilikukosea sana."

"Pole yako sitaki. Nataka wino." Akainua ule uso mrefu. "Andika kwa mkono wako kwamba uliiba, lini, na namna gani. Kisha usome mbele ya wote. Na usitie mizaha, wewe nakujua."

"Hata mmoja?"

"Hata nusu."

Mzee huyu mkavu! Nilikuwa nimesahau kwamba ananichekesha.

18 Aprili

Nimeandika. Nimefuta mizaha mitatu.

22 Aprili

Mafundi wote saba, karakanani kwangu, na muuza maziwa, na mke wangu amesimama mlangoni na ndoo ambayo haikuwa na kazi yoyote. Nikasoma. Pale penye saa nzima ya kupima nikakohoa, nikasema ni vumbi. Vumbi, na nje tope tupu.

Nilipomaliza nikakunja karatasi. Halafu fundi wa mwisho wa mtaa, yule tunayemwita Nati, akasema, "Sisi tulikuwa tunajua."

"Mlijua?"

"Babu, miaka ishirini nafanya kazi karibu na wewe. Hujawahi kubuni hata uongo mpya."

Walicheka mpaka muuza maziwa akashika ukuta. Kidevu hakucheka, lakini kidevu kilitikisika. Akachukua kalamu, akaandika kiapo chake: bawaba ya mlango, bati, vipande vitatu vya rimu mbovu, mpira wa tyubu, fundo. Muuza maziwa naye akaandikiwa chake, akaweka dole gumba chini. Wale watano waliokuwa wameficha miguu yao wakaenda kuifukua.

Mke wangu aliingia na ndoo ndani. Alipopita karibu yangu akanifinya sikio, kwa nguvu, kama mtoto. Nimesamehewa, ila sikio bado.

26 Aprili

Mkutubi amesahihisha tahajia zangu sehemu thelathini na moja. Nilipomwambia kwamba nilimdanganya, akasema, "Najua, babu. Kivuli hakifungwi fundo." Akagonga karatasi zilingane, akanipa.

29 Aprili

Pingamizi limepokelewa kwa msajili. Mhuri ulipigwa saa tano na dakika ishirini. Kidevu alimwomba karani aupige tena kwenye nakala, usikike vizuri.

21 Mei

Leo tumesikilizwa.

Chumba chenye feni moja isiyozunguka. Msajili msaidizi katikati, kampuni kulia na wakili wao mwenye viatu ambavyo havijui tope, sisi kushoto tumebanana kwenye benchi. Kidevu aliulizwa akajibu kwa maneno matatu matatu. Ulijikunjaje? "Mpira unavuta juu." Kwa nini mpira? "Springi sikuwa nayo." Wakili alitafuta pa kushika, hakupata, ule ulimi hauna mpini.

Akanigeukia mimi. Alikuwa na karatasi yangu mkononi, ameishika kwa ncha za vidole.

"Mzee, wewe hapa umekiri kwamba ni mwizi."

"Ndiyo."

"Na kwa miaka mitatu umeudanganya umma."

"Kila siku, isipokuwa siku za kupumzika."

Kidevu alinikanyaga.

"Sasa kwa nini tuamini neno la mtu kama wewe?"

"Msiniamini mimi," nikasema. "Aminini gazeti. Lakini kwa kuwa umeniita kwa kazi yangu, nikwambie kitu cha kazi. Mimi nilichoiba kilikuwa barabarani, mchana kweupe, kila mtu anakiona. Ndiyo maana niliweza kukiiba. Tarehe ishirini na saba Aprili kimepigwa picha sokoni. Tarehe tisa Juni nyinyi mnakuja hapa mnasema hakijawahi kuonekana duniani. Mimi nilisema uongo kwa wauza maziwa. Nyinyi mmeusema kwa msajili, kwenye fomu, mkaweka sahihi. Na mimi nimekiri. Bado nyinyi."

Msajili msaidizi alisema nijibu ninachoulizwa tu. Lakini aliandika.

3 Juni

Barua imekuja. Sikuifutia mikono. Kampuni imeondoa ombi lake yenyewe, "kwa sababu za kibiashara". Hakuna atakayepewa hataza ya mguu wa bata: si wao, si mimi, si Kidevu. Niliisoma kwa sauti katikati ya barabara. Nati alisimamisha baiskeli saba kwa mstari juu ya tope, zote kwa miguu ya bata, na wapita njia wakalazimika kuzunguka.

Wateja wawili leo waliuliza nani aliyeubuni. Nilinyoosha kidole ng'ambo. Mara ya kwanza kidole kilikuwa kizito. Mara ya pili kizito kidogo tu.

10 Juni

Mvua imekatika. Kidevu amekuwa anagonga kitu tangu Jumatano na amekifunika gunia. Nimevuka barabara mara tatu leo kwa visingizio mbalimbali.

"Shemeji, nini hicho?"

"Gunia."

"Chini ya gunia?"

"Chini ya gunia kuna kitu ambacho hakijaonekana na mtu yeyote." Akachomoa karatasi mfukoni, imekunjwa vizuri, akanionyesha mhuri tu, akairudisha. "Jana nilikwenda kwa msajili. Nimewasilisha ombi."

"Kwa nini hukuniambia? Ningekusindikiza!"

"Ndiyo sababu sikukuambia."

Nilikwenda moja kwa moja maktaba. Mkutubi alidhani nimemrudishia kitabu.

"Binti yangu, mtu akipewa hataza, anakaa nayo muda gani?"

"Miaka ishirini tangu siku ya ombi, babu. Baada ya hapo kila mtu ana ruhusa ya kutengeneza."

Ishirini. Nina sabini na moja. Nitasubiri.